Ukuta wa Safura

Safura alikwenda mji wa Jhang, Pakistan, kumzika shemeji yake. Aliporudi Faisalabad, nyumba yake haikuwa na ukuta wa mbele.

Vyumba vya chini alikuwa amempangisha Zulkarnain, kijana aliyekulia mtaani hapo akimwita shangazi, akaweka humo mashine zake za kufuma vitambaa. Mashine ziliingia kabla ukuta wa barabarani haujajengwa. Mlango uliobaki ulimtosha mtu na robota la nyuzi, basi. Zulkarnain alikuwa anadaiwa kodi ya muda mrefu na hakutaka kuaga. Alibomoa ukuta, akatoa mashine, akahama.

Tangu hapo Safura hakutulia. Paka waliingia, mbuzi wa jirani waliingia, wapita njia walichungulia. Akitoka kwenda sokoni hurudi nusu njia. Akiketi kula husikia hatua chini, akashuka ngazi na kijiko mkononi. Wakili aliyemwendea alimwambia kesi ataishinda, ila asiwe na haraka.

"Bwana wakili, nyumba yangu iko uchi," Safura alisema. "Nisiwe na haraka vipi?"

Asubuhi moja akamwomba jirani amwangalizie pengo lile, akapanda riksha hadi eneo la viwanda. Alimpata Zulkarnain kwa kuulizia tu. Banda lake jipya lilikuwa likitetemeka kwa mashine.

"Shangazi!" Zulkarnain alipaza sauti. "Karibu! Leteni chai!"

"Sikuja kunywa chai."

"Hali ngumu, shangazi. Umeme unakatika, nyuzi zimepanda bei. Nivumilie hadi Idi."

"Idi ipi? Maana zimeshapita."

"Basi nikuandikie hundi."

"Ile ya kwanza benki walinirudishia, mwanangu. Hii nyingine nikafungie bajia?"

Wafumaji waliokuwa karibu walicheka. Zulkarnain alipogeuka kuwakaripia, Safura aliiendea swichi kuu ukutani, akaishusha. Banda zima likanyamaza. Akavuta robota la nyuzi, akaketi, swichi ikiwa nyuma ya kichwa chake.

"Toka hapo, shangazi! Tajiri anakuja jioni kuchukua mzigo wake!"

"Nitoe, basi."

Nani angemgusa mwanamke wa rika la mama yake? Zulkarnain alitoka nje, akapiga simu, akarudi, akabembeleza, akafoka.

"Unaniharibia kazi!"

"Na mimi uliniharibia nini?"

Sauti ya Safura ilikuwa kavu. Moyoni alitamani kuinuka, akimbie.

Mchana akaletwa mwenye banda la jirani. Alizunguka mashine moja, akaipapasa, wakapatana bei. Safura akakabidhiwa kodi yake yote pamoja na gharama za ukuta. Mashine ilipoanza kufunguliwa, mfumaji mmoja mwembamba alibaki amesimama kando ya mashine hiyo, mkasi wa kukatia nyuzi mkononi.

"Ulikuwa unaiendesha wewe?" Safura alimuuliza.

"Ndiyo, mama. Naitwa Barkat."

Safura akamgeukia Zulkarnain. "Huyu utampa kazi nyingine?"

"Nitaangalia."

"Sema ndiyo."

"Ndiyo, shangazi. Nenda sasa, tafadhali."

Ndani ya riksha alizibana noti kifuani, akijiambia kwamba Zulkarnain aliyataka mwenyewe. Ilikuwa kweli, lakini haikumwondolea picha ya Barkat na mkasi wake.

Fundi mwashi alianza kazi kesho yake. Safura alisimama nyuma yake, akasogeza tofali, akalirudisha, akauliza kama saruji inatosha.

"Mama, utanifanya nikosee," fundi alisema. "Nenda ukapumzike."

Hakwenda. Ukuta ulikamilika, ukapakwa chokaa, na bado usingizi wa Safura ulikuwa wa kuibia. Mwisho akapanda tena riksha hadi lile banda, aone kama Barkat alipewa kazi.

Barkat alikuwepo. Alikuwa anapokezana mashine moja na mwenzake, kwa nusu ya ujira wa zamani. Alimsalimia Safura kwa adabu, akarudi kwenye nyuzi zake. Safura alisimama mlangoni kidogo, kelele zikimjaa masikioni, kisha akatoka kutafuta riksha ya kumrudisha, asijue kama afurahi.