Dhumna Juu ya Mfuniko

Nimefanya kazi bandarini Tanga miaka mingi, na winchi niliyoiendesha mimi iliwahi kuinyanyua meli nzima ikaiweka upande wa pili wa gati kwa sababu nahodha alikuwa ameiegesha vibaya. Ukibisha, muulize Sabiri, alikuwepo. Sabiri atakwambia hakuwepo, lakini huyo ana wivu. Nayasema haya mapema ili ujue ni mtu wa namna gani aliyekabidhiwa kulinda kifaa cha serikali.

Kifaa chenyewe kiko shambani kwangu, ukiiacha barabara ya Horohoro ukaingia ndani mpaka ngurumo za malori zikakatika. Nilihamia huku nilipostaafu, nikawaachia wadogo zangu nyumba ya Chumbageni. Binti yangu Shadya yuko Dodoma, kwenye ofisi inayosikiliza matetemeko ya nchi nzima. Walipokuwa wanatafuta mahali pa kituo kipya cha pwani, penye mwamba na pasipo na vishindo, yeye ndiye aliyesema, "Kwa baba kuna mwamba." Wakaja, wakachimba shimo, wakakiteremsha kipima mitetemo mpaka kikakaa juu ya jiwe, wakakifunika kwa mfuniko wa zege, wakasimamisha paneli ya sola na kuzungusha uzio wa waya. Mimi nikapewa ufunguo. Kazi yangu ni kufyeka nyasi, kufuta vumbi kwenye paneli, na kuhakikisha hakuna anayekaribia.

"Hata mbuzi, baba," Shadya alinisisitizia. "Kile kinasikia hata mbuzi."

Sasa ule mfuniko. Sijui fundi aliyeumimina ni nani, ila Mungu aubariki mkono wake. Laini, umelala sawasawa, kimo chake ni cha mtu aliyekaa kwenye kigoda, na alasiri jua likijificha nyuma ya kilima unakuwa wa baridi, raha tupu. Na meza yangu ya dhumna ilikuwa imeliwa na mchwa. Wewe ungefanyaje?

Tukawa tunaingia na vigoda vyetu baada ya sala ya alasiri, mimi, Sabiri, Zubeiri na jirani yangu Ernesti, aliyekuwa mkata mkonge. Na dhumna letu la pwani kete haiwekwi. Kete inapigwa. Inapanda mpaka juu ya kichwa, inashuka pamoja na tusi lake. Anayeiweka taratibu huulizwa kama anamlaza mtoto. Mimi nilijiambia zege ni nene, na kilichomo ndani kimewekwa kusikiliza mambo makubwa ya dunia, hakina haja na wazee wanne.

Siku moja Shadya akanipigia simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Habari za Dodoma?"

"Njema. Baba, jana jioni ulisikia chochote? Ardhi kutikisika?"

Mimi mtu akiniuliza kama nimeona, basi nimeona. Isitoshe sauti yake ilikuwa na ile hamu ya utotoni, alipokuwa akinisubiri mlangoni nirudi bandarini nimpe kisa. Nikampa. Nikamwambia vikombe vya marehemu mama yake vimecheza kabatini, kimoja kikamgeukia mwenzake. Maji ya mtungini yakapiga mawimbi. Paka akatoka mbio, mkia juu, hajarudi mpaka leo.

"Subhanallah! Ngoja niandike," akasema.

Sikulitilia maanani lile neno. Alipopiga tena wiki iliyofuata, nikamwongezea na kuku.

Ndipo akaja mwenyewe, na gari la ofisi, na bosi wake Alexander, mtu wa Moshi, mpole, mwenye kusikiliza huku amefumba jicho moja. Nyuma ya gari walikuwa wamepakia vipima vingine vidogo vya kutandaza shambani. Nikawakaribisha barazani kwa chai na mkate wa kumimina. Shadya akafungua kompyuta yake, akanionyesha mstari mrefu uliojaa ncha za kupanda na kushuka.

"Haya ndiyo matetemeko yako, baba."

"Yangu?"

"Ya hapa kwako. Tetemeko hutoa mawimbi mawili. La kwanza linakimbia, la pili linachelewa. Kituo kikijua limechelewa kiasi gani, kinajua tetemeko liko umbali gani, ila hakijui liko upande upi. Kwa hiyo kila kituo kinachora duara lake, na pale maduara matatu yanapokutana ndipo penyewe. Kituo kimoja hatukiamini."

"Kama mashahidi," nikasema.

"Hasa! Kama mashahidi."

"Na haya ya kwako yana shahidi mmoja, Shadya," Alexander akasema, akipuliza chai. "Kituo cha Usambara hakijasikia kitu. Cha upande wa Pangani hakijasikia kitu."

"Kwa sababu ni madogo, bosi, na yapo karibu sana na hapa. Halafu yana mpangilio. Yanaanza baada ya alasiri, yanakoma kabla ya magharibi. Siku za mvua kimya kabisa. Mimi nasema ni maji, kuna ufa chini ya mwamba."

Baada ya alasiri. Kabla ya magharibi. Siku za mvua, ambazo Zubeiri hatoki nyumbani kwa ajili ya kifua chake. Nikakiweka kikombe chini.

"Tetemeko linalofuata saa za sala mimi nina mashaka nalo," Alexander akasema. "Mara nyingi huwa ni binadamu. Una kikao na wakubwa wiki hii, na taarifa ikipita itakwenda kwa mkuu wa wilaya, watu watahadharishwe. Ikija kuonekana ni mashine ya kusaga, jina litakalochekwa nchi nzima ni lako. Na tayari kuna wanaosema kituo umekipeleka kwa baba yako."

Shadya akaukaza mtandio wake.

Saa hiyohiyo kopo la maziwa likalia njiani, chakacha chakacha, na Ernesti akatokeza.

"Hodi! Mzee Suleimani, leo nakufunga mpaka uombe maji—" Akaona wageni. Kopo likanyamaza.

"Kuna nini humo?" Alexander akauliza.

"Dhumna tu, kiongozi."

"Ahaa. Mnachezea wapi?"

Ernesti akaniangalia. Nikajibu mimi. "Kwake. Barazani kwake."

"Kwangu," Ernesti akasema, akitazama viatu vyake. Mtu asiyekosa misa ya Jumapili, nami nimemtumbukiza kwenye uongo wangu, akiwa amesimama, hata chai sijamkaribisha.

"Bosi," Shadya akasema, "shahidi wa pili ninaye. Huyu hapa. Baba, mweleze vile vikombe."

Akanigeukia akitabasamu. Uso ulikuwa uleule wa mlangoni, wa kungoja kisa. Nikafungua mdomo. Nimeshawahi kuwasimulia polisi wa mpakani jinsi papa alivyopanda gati akaomba maji ya kunywa, sikukwama. Siku hiyo neno halikuja. Nilikuwa namwona mbele ya wale wakubwa, amesimama, anawasomea vikombe vyangu.

"Havikucheza," nikasema.

"Baba?"

"Vikombe havikucheza. Mtungi haukuwa na maji. Paka mwenyewe sina." Nikainuka. "Ernesti, lete hilo kopo."

Tukaenda mpaka kwenye uzio, nikafungua. Mfuniko ulikuwa umeng'aa katikati kwa kusuguliwa na kete, na vigoda vinne vimeuzunguka. Shadya akaunganisha kompyuta, akachutama. Nikachagua kete ya sita kwa sita, lakini mkono haukutaka kupanda juu ya kichwa, niliipigia kifuani. Hata hivyo mstari uliruka.

Alexander alicheka mpaka akashika waya wa uzio. "Mzee, hilo la sasa nyumba ngapi zimeanguka?" Kisha akasema, kwa wema kabisa, kwamba bora tumelijua kabla ya kikao.

Shadya hakucheka. "Piga tena," akasema. Nikapiga. "Tena." Aliniambia kwa sauti ambayo mtu huongea nayo na kibarua. Ernesti alikuwa ameshavua kofia.

Alipofunga kompyuta ndipo akaniangalia.

"Wakinicheka nitavumilia," akasema polepole, bosi asisikie. "Dhumna ni dhumna. Lakini nilipiga simu nikauliza, baba. Sikumuuliza jirani. Nilikuuliza wewe."

Nikaokota kete, moja moja, nikazirudisha koponi.

Kituo hakikuhamishwa. Ufunguo alipewa Bibiana, mke wa Ernesti, ambaye haruhusu hata kivuli changu kiuguse uzio. Tunachezea kwake sasa, barazani, kama nilivyosema. Ule uongo mmoja umekuwa kweli. Sabiri ananiita Mzee Vikombe. Nimeacha kumjibu.

Kisha juzi asubuhi nilikuwa namimina chai. Dirisha likanguruma kidogo, halafu kabatini mle nikasikia mlio mwembamba, ting'i ting'i. Vikombe vya mama Shadya. Vilikuwa vinalia, wallahi, peke yao. Simu ilikuwa mkononi kabla havijanyamaza.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Shadya, limepita! Sasa hivi! Vikombe—"

"Tumeliona, baba. Vituo vinne vimeliona. Liko baharini, si kubwa."

"Basi hapa kwangu—"

"Bi Bibiana ameshanieleza. Nimempigia."

Nikakaa kwenye kiti. "Kasema nini?"

"Kasema vyombo vimelia kidogo."

"Na vyangu," nikasema. "Kidogo tu. Havikucheza, mwanangu. Vimelia tu."

"Vimelia tu," akarudia.

Nikatega sikio nisikie kama anaandika.