Kofi la Rakaa ya Tano

"Sirudi Moroko," Nuru aliniambia, ungo wa muchele ukiwa mapajani mwangu. "Shangazi, usinisukume."

Ala! Mutoto wa kaka yangu Hamadi, wa kwanza katika ukoo wetu kupata bursi ya kusoma hesabu chuo kikuu cha ng'ambo, anapanda pikipiki kutoka Kalemie, anapita Kabambare na matope yake yote, anafika kwangu Kasongo kuniambia upuuzi! Nilikasirika mpaka muchele ukanimwagika. Nikamubana. Mficha maradhi kilio humfichua: akatoa karatasi. Saba juu ya makumi mbili. Akianguka tena kwenye mutihani wa Septemba, bursi inakatwa, basi.

"Ulishindwa wapi?"

"Sikushindwa. Profesa alikosea ubaoni. Aligawanya kwa namba inayoweza kuwa sifuri, na hiyo haifai kabisa. Niliona palepale. Mutihani ulipouliza jambo lile lile, nikaandika kama alivyoandika yeye. Mwenye kusahihisha akakata yote."

"Ulijua ni kosa, ukaliandika?"

"Ni mwalimu, shangazi. Iko na mvi. Mimi nani nimusahihishe? Kule niko mugeni, sina hata wa kula naye. Niongeze na kuitwa musichana asiye na adabu?"

Moyo uliniuma, maana adabu ile nilimutia mimi, kwa fimbo, uani hapa hapa. Mara ngapi nilimwambia mukubwa hasahihishwi?

Azana ya alasiri ikatukuta tumenuna. Tukaenda musikitini, tukasimama upande wetu wa wanawake, nyuma ya pazia jepesi. Imamu wetu, mzee Iliasi, anasalisha tangu sijaolewa, na siku hizi anasahau. Alasiri ni rakaa nne, kila mutu anajua. Alipomaliza ya nne, badala ya kukaa, akasimama kwa ya tano. Wanaume wote wakasimama naye, na ndevu zao! Nuru naye akasimama. Mimi nikabaki chini, nikapiga kiganja juu ya mugongo wa mukono: pa! Ndivyo mwanamuke anavyomuzindua imamu, tangu bibi zetu. Mzee Iliasi akarudi chini, akamalizia sala vizuri.

Mulangoni akauliza ni nani aliyepiga. Nikasema ni mimi, Malaika.

"Mungu akulipe," akasema. "Ungeniacha, ningepotea na watu wote."

Njiani nikamugeukia Nuru. "Wewe musomi wa hesabu, hukuhesabu?"

"Nilihesabu. Zilikuwa nne."

"Mbona ulisimama?"

"Imamu alisimama."

Akasikia mwenyewe alichosema. Akaganda katikati ya njia, mukono mudomoni.

"Nilikufundisha nusu ya adabu," nikamwambia, na machozi yalikuwa karibu. "Nisamehe, mama. Rudi ukamalizie."

Akarudi. Mimi nikabaki sokoni na muchele wangu, simu kifuani, kila ikilia roho inaruka. Siku moja ikawa yeye.

"Kumi na sita, shangazi!"

Nilipiga vigelegele mpaka muuza mawese wa jirani akaziba masikio. "Umefanyaje?"

"Wiki ya marudio, profesa akaandika tena kosa lile lile. Nikataka kuinua mukono, mukono ukakataa. Nikasikia pa! Kumbe ni mimi nimepiga. Watu mia mbili wakageuka kunitazama."

"Yarabi! Na yeye?"

"Aliacha kuandika. Akautazama ubao weee, akafuta mustari wake. Halafu akaninyooshea chaki. Akasema, 'Mungu akulipe, binti. Njoo utumalizie.'"

Nikakaa juu ya gunia, nikalia. Muteja mumoja akaniuliza kwa huruma ni nani aliyekufa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, alete mufuko wake nimupimie muchele.