Aliyeambiwa Asubiri Hewani

Kila asubuhi saa moja kamili mwendesha redio wa makao makuu huita vituo kumi na viwili vya afya, kimoja baada ya kingine, na kuweka alama kwenye daftari. Jumatatu hiyo alikusudia kukiruka cha saba, kwa sababu mwendesha redio wa huko alizikwa Ijumaa. Lakini cha saba kiliitika chenyewe, kwa sauti ileile ya miaka thelathini na nne, kavu kidogo, isiyo na papara.

"Kituo cha saba nipo. Bado nasubiri. Ova."

Mwendesha redio wa makao makuu aliweka alama.

Sauti haikutoka kituoni. Ilitoka nyumbani kwa marehemu, kwenye kiti chake cha mbao karibu na dirisha, na ilirudia maneno hayo kila saa. Binti yake, fundi cherehani, alitaka kiti kitolewe apate pa kuweka kabati. Wanaume wanne walishindwa kukinyanyua.

"Mzee alikuwa mwembamba hivi," jirani alisema akijifuta jasho. "Huku kanenepea wapi?"

Binti hakutulia. Aliinuka, akakaa, akainuka. Sare moja ya shule ilimtoka ina mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Siku ya tatu alisimama mbele ya kiti.

"Baba, basi. Umeruhusiwa. Funga redio."

"Jitambulishe. Ova."

"Mimi mwanao."

"Nakupata vizuri, mama. Lakini si wewe uliyeniambia nisubiri."

Kanuni hiyo binti aliijua tangu utotoni: aliyeambiwa asubiri hewani haondoki mpaka aliyemwambia amwachie. Alijua pia baba aliambiwa lini. Miaka ishirini na sita iliyopita, saa mbili asubuhi, baba yake aliomba gari la wagonjwa kwa ajili ya mjamzito aliyekuwa akivuja damu. Makao makuu yakamwambia: subiri. Akasubiri, hedifoni masikioni. Saa nne mtoto akazaliwa. Saa saba mama akafa. Mama huyo alikuwa mkewe, na mtoto ndiye huyu fundi. Kesho yake saa moja baba aliitika wito kama kawaida.

Binti alipanda basi hadi makao makuu. Mkuu wa mawasiliano alimpa chai, akalitafuta daftari la mwaka ule mpaka akalipata. Ombi lilikuwemo. Nafasi ya jibu ilikuwa tupu.

"Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu," mkuu alisema. "Nilikuwa kijana."

"Na gari lilikuwa wapi?"

"Lilikwenda kuchukua viti. Kulikuwa na mgeni rasmi."

Binti alikizungusha kikombe juu ya meza.

"Basi mwambie gari haliji. Neno moja tu, mzee wangu, akapumzike."

Mkuu hakuwa mtu mbaya. Msibani alifika mapema, na alibeba jeneza.

"Ombi lisilo na jibu bado linashughulikiwa," alisema. "Nikijibu, litakuwa limekataliwa. Na aliyelikataa ni mimi."

"Miaka ishirini na sita linashughulikiwa?"

"Daftarini ndivyo lilivyo, binti yangu."

Alimsindikiza mpaka getini, akamwahidi kwamba kituo cha saba hakitaondolewa kwenye wito wa asubuhi. Ahadi hiyo ameitimiza. Mwendesha redio mpya wa kituo hicho alipoajiriwa, alipewa namba kumi na tatu, kwa kuwa ya saba ina mwenyewe.

Kabati liliwekwa jikoni. Binti alikisogeza cherehani chake karibu na kiti, kwa kuwa pale dirishani pana mwanga mzuri, na sare zake sasa zina mikono sawa. Ila kila ikifika saa kamili, baba yake akishasema anasubiri, yeye huondoa mguu kwenye kanyagio na kulishika gurudumu kwa kiganja lisipige kelele, jibu likija baba asije akalikosa.