Boliti ya Feni ya Nyuma Kushoto

Boliti ile aliikaza kwa mkono. Tuliseme mapema kabisa, maana Fundi mwenyewe alikaa nalo siku tisa rohoni, na siku tisa za kumeza neno la namna hiyo zinatosha kumkondesha hata mtu mwenye tumbo lake.

Na tumbo alikuwa nalo. Miaka ishirini na sita alilala chini ya magari ya watu, akiyatengeneza huku akiyasimanga: "Hili nalo gari? Huu ni ugonjwa wenye matairi manne!" Wateja walicheka, wakarudi. Kila alipomkabidhi mtu ufunguo alikuwa na neno lake la kuagana: "Nenda nalo. Likilia, urudi." Gereji nyingi ndivyo zilivyo, si siri. Nati ikilegea itagonga, ikigonga dereva atasikia, akisikia atasimama pembeni ampigie fundi simu ya matusi. Yakaisha.

Kisha akaingia kwenye kampuni ndogo iliyokuwa ikiunda gari la kuruka: viti viwili, magurudumu matatu, feni sita, na betri nzito kuliko abiria wake wote. Kazi hiyo alitafutiwa na binti wa marehemu kaka yake, aliyemlea tangu yuko darasa la pili. Binti ndiye aliyekuwa rubani wa majaribio.

"Baba Mdogo, huku si gereji," alimwonya siku ya kwanza, akimpa orodha ya ukaguzi. Boliti arobaini na nane, kila moja ikazwe kwa spana ya kipimo, ile inayoita "ka!" ikifika kiasi chake, halafu iwekewe sahihi.

"Mwanangu, mkono huu umekaza boliti hujaota hata jino."

"Mkono hauna namba, Baba Mdogo."

Asubuhi ya jaribio, wageni wa Mkurugenzi wakiwa wameshakaa kwenye viti vya plastiki na kuanza kutazama saa, Fundi akapitisha jicho kwenye orodha, akakuta ameruka boliti moja. Feni ya nyuma, kushoto. Spana ya kipimo ilikuwa imesharudishwa stoo. Stoo ilikuwa hatua sitini, tuseme themanini kwa mwenye tumbo. Akachukua spana ya kawaida, akakaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, akatia sahihi, akapiga bodi kwa kiganja.

"Nenda nalo! Likilia, urudi!"

Wageni wakaangua kicheko. Binti naye akacheka, akafunga mlango.

Gari lilipanda hadi usawa wa ghorofa ya tatu, likavuka uzio, likaenda vizuri tu. Mara likageuka ghafla, likalala ubavu, likaja chini. Binti alivunjika miguu yote miwili, wa kulia mahali pawili.

Feni zilisagika na boliti zikakatika ovyo, hakuna aliyeweza kujua ipi ililegea kabla na ipi baada. Injinia wa kampuni akaandika alichokiona kwa macho: rubani alikata kona kali mno. Ripoti ingesainiwa siku ya kumi, na leseni ya binti ingefutwa. Na yule hakuwa na kazi nyingine aliyoitaka duniani.

Siku ya tisa Fundi alikwenda hospitali na machungwa.

"Hii plasta wamekufunga au wamekujengea? Naona bado bati tu."

Binti hakucheka. "Injinia kasema kweli, Baba Mdogo. Nilikata kona."

"Ilikuwaje?"

"Lilianza kulia. Nyuma, kushoto. Sheria inasema ushuke hapo hapo ulipo, taratibu. Na chini yangu palikuwa shamba tupu kabisa." Akatazama dari. "Lakini kichwani nikakusikia wewe. Likilia, urudi. Nikageuza nirudi."

Fundi alikuwa akimenya chungwa. Akaendelea kumenya hata ganda lilipokwisha. Akafungua mdomo aseme, na kilichotoka ni: "Kula, mwanangu, upate nguvu."

Akatoka, maganda ya chungwa yangali mkononi.

Kesho yake kikaoni walikuwa Mkurugenzi, injinia na dada wa stoo. Ripoti ilikuwa mezani.

"Rubani mwenyewe kakubali," Mkurugenzi alisema. "Tusaini, tufunge."

"Boliti ya feni ya nyuma kushoto sikuikaza kwa kipimo," Fundi akasema. "Niliikaza kwa mkono. Sahihi yangu pale ni ya uongo."

"Fundi, leo utani weka pembeni."

"Ndiyo adhabu yangu, bosi. Nimetania maisha yangu yote, sasa nasema kweli naonekana nachekesha."

Injinia akavua miwani. Mkurugenzi akainamisha kichwa, akanena polepole. "Unajua unachosema? Rubani akikosea, tunatafuta rubani mwingine. Fundi akikosea, tumekosea wote. Watu wananiuliza kila siku magari haya yatawapeleka kazini lini. Niwajibu nini? Kwamba fundi alivivia kwenda stoo?"

"Wajibu hivyo hivyo. Mafundi kama mimi tumejaa kila mtaa. Gari la chini likizimika, mwenyewe anashuka anasukuma. La juu atashukia wapi? Na litaangukia paa la nani?"

Fundi akaisogeza ile ripoti mbele ya Mkurugenzi, akaweka kidole chake chenye weusi wa grisi chini ya jina la binti.

"Futeni hili, muandike langu."

Injinia alikuwa akifuta miwani ambayo ilikuwa safi. Dada wa stoo alitazama viatu vyake. Mkurugenzi alikuwa na kalamu mkononi, haijafunguliwa.

"Jamani," Fundi akasema. "Nawaomba."