Alama ya Baba Mdogo

Kuwapa alama wabunge wa watu wengine ni raha, msidanganyike. Mwaka mzima kikundi cha Jicho la Mbali, Wakenya kumi na wawili walioko ughaibuni Ulaya, mtaani Bredäng na vitongoji vya karibu, kilikuwa kikifuatilia jinsi Bunge la Nairobi linavyopigia kura majaji wakuu na maafisa wengine wanaoteuliwa. Aliyemkubali mteule mwadilifu alipata A. Aliyemkataa alipata D, na aliyeikimbia kura alipata E, maana afadhali adui umjuaye. Kadi hiyo ya alama ilisambaa kwenye simu hadi vijijini. Sheria ilikuwa moja: kila mwanachama anamwandikia mbunge wa kwao alama, kwa mkono wake, na kutia sahihi.

Sheria hiyo aliitunga Wanjira, muuguzi asiyemwogopa mtu, kabla uchaguzi mdogo haujampeleka bungeni Baba Mdogo Kimani, aliyemlea tangu babake alipofariki. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Jumatano hiyo mchana walijazana kwenye chumba cha mikutano cha wapangaji, kikao cha Bunge kikirushwa ukutani. Jina lililokuwa mezani ni la jaji mwanamke aliyewazuia vigogo kunyakua msitu, na sasa alipendekezwa kuwa Naibu Jaji Mkuu. Chama cha Kimani kiliwaamuru wabunge wake wamkatae. Lakini Jumapili, kwenye simu, Kimani alikuwa amemwambia Wanjira, "Nitasema ndiyo, mwanangu." Wanjira aliliamini neno hilo kabisa.

"Kumbe ni ninyi munapatia badéputé, bale babunge, pointi?" alicheka Hortense, jirani Mkongomani aliyekuja na bakuli la maandazi. "Kwetu, chérie, mudéputé ndiye anakupatia pointi, na unafeli!"

"Nyamazeni, Spika anauliza!" alisema Khamis, mwenyekiti wao, mtu wa Mombasa.

Wanaoafiki wakanguruma ndiyo. Wanaopinga wakanguruma la. Masikioni mwa Bredäng kelele zilikuwa sawa, lakini Spika akatangaza kwamba La wameshinda.

"Aka!" Wanjira aliruka kitini. Kura ya sauti haina jina la mtu. Jaji angezikwa kwa kelele, na kadi ingebaki tupu. Tumaini lilikuwa moja: wakisimama wabunge thelathini kudai kuhesabiwa, Spika hana budi kuita jina kwa jina.

Mmoja akasimama. Watano. Kumi na wanane. Khamis alikuwa ameukaribia ukuta, akihesabu vichwa kwa kidole. "Ishirini na saba... nane... tisa." Kidole kikaganda. "Tisa, jamani. Bado mmoja!"

Safu ya tatu, Baba Mdogo Kimani alikuwa ameketi, anajikuna shavu. Wanjira alinyakua simu, akaandika: *Baba, simama.*

Kimani akainama akaisoma simu yake. Akaitia mfukoni. Akafunga kifungo cha koti, taratibu utadhani anakwenda kanisani, akasimama.

Chumba kililipuka. Hortense, ambaye hakujua hata jina la huyo jaji, alipiga vigelegele mpaka mtu akagonga dari kutoka juu. Wanjira alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja. Huyo ndiye babake!

Kengele ya Bunge ikalia dakika nane, kisha milango ikafungwa na majina yakaanza kuitwa. Ndiyo. La. Ndiyo. Kila jina wakalishangilia au kulizomea. Likafika la Kimani. Likaitwa mara ya pili. Kamera ikaonyesha kiti kitupu, na karani akasema, "Hayupo."

Jaji alipita kwa tofauti ya kura nne. Watu walikumbatiana, maandazi yakamwagika, na Khamis akacheza chakacha peke yake kati ya viti. Kisha wakamkumbuka Wanjira, aliyekaa na kalamu mbele ya kadi.

"Mpe hata B," Khamis alimbembeleza. "Asingesimama yeye, leo tungehesabu nini?"

Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyomuuma. Alimpenda yule mzee kuliko mtu yeyote duniani, na alimkasirikia kwa kiasi kile kile. Aliandika E, akatia sahihi. Simu ikaita.

"Umenipa nini?" Kimani aliuliza bila salamu.

"E, baba."

"Nilisimama kwa ajili yako, mwanangu. Ningepiga kura, chama kingenimaliza."

"Najua. Asante kwa kusimama. Lakini ulitoka."

"Umeiandika mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Kwa mkono huo niliokushikia ukijifunza kuandika."

"Kwa huo huo, baba," Wanjira alisema, machozi yakimtiririka, akamsogezea Khamis kadi.