Sare Iliyotangulia Shule

Umewahi kumwona mtoto akishonewa sare ya shule ambayo bado haijaamuliwa kama ndiyo atakayosoma? Mimi nimemwona, tena ni mimi niliyeshika ncha ya kitambaa mkasi ulipokuwa unapita.

Mkwe wangu, mke wa mwanangu, ni fundi cherehani. Anafanyia kazi chumba cha mbele, penye dirisha la barabarani, na kazi yake kubwa ni sare. Ukimpa sketi ya marinda aishike tu, atakwambia imeshonwa na mtu aliyeshiba au mwenye haraka ya kwenda kula. Kwa hiyo wakala wa masomo alipotuletea vitabu viwili vya shule za ng'ambo, vya karatasi zile za kuteleza, picha tele, mkwe wangu hakusoma hata mstari. Alivaa miwani yake ya kutungia uzi, akaanza kuwakagua wanafunzi wa kwenye picha: mabega, kola, pindo.

"Hii hapa," akasema. "Watu wanaojali pindo namna hii hawawezi kumtupa mtoto wa mtu."

Ilikuwa shule ya wasichana pekee, katika mji anaokaa mdogo wake. Mume wake, huyu mwanangu, ni fundi umeme, naye aliipenda ile nyingine. Alikuwa na ukurasa wake mmoja wa maabara, akituonyesha huohuo kila jioni mpaka ukaingia alama ya kidole gumba.

"Tazama, mama. Kila meza ina soketi zake. Hakuna waya unaoning'inia."

"Mtoto haendi kusoma soketi," mkewe akamjibu kutoka kwenye cherehani.

"Wala haendi kusoma pindo."

Shule zote mbili zilikuwa zimemkubali mjukuu wangu. Yalibaki mazungumzo ya kuonana kwenye simu, zote siku moja, kisha atoe jibu. Sekondari yote ataimalizia huko, nyumbani aje likizo tu. Ni jambo kubwa, na nyumba nzima ilikuwa imechangamka kama inasubiri harusi. Ila bibi harusi mwenyewe ukimuuliza anataka ipi, anasema, "Yoyote." Baba yake akimuuliza, yoyote. Mama yake, yoyote. Nikambandika jina, Bi Yoyote.

Siku moja tulikuwa tunakunja nguo za wateja, mimi na yeye. Nikamwambia, "Mke mwenzangu, hata mtu anayenunua kandambili huchagua rangi."

"Bibi, nikisema ya mama, baba atanuna. Nikisema ya baba, mama hatasema kitu. Atashona tu, ameinamisha kichwa."

"Kwa hiyo uende usikotaka, miaka yote hiyo?"

Alilikunja shati alilokuwa nalo, akalikunja tena, na tena, likawa dogo kama leso. Nikalitoa mikononi mwake nikalinyoosha. Hapo nilijua kuna shule anaitaka, tena anaitaka sana. Lakini sikumsukuma. Ukimvuta mtoto ulimi, anaumeza.

Mkwe wangu yeye hakusubiri. Katika kazi yake amezoea kwamba nguo ikishakatwa hakuna tena mjadala. Alinunua kitambaa cha kijani, akaikopi sare kutoka kwenye picha: kola nyeupe, marinda yaliyosimama kama kurasa za kitabu kipya, na nembo ya ndege kifuani aliyoitarizi kwa mkono unyoya kwa unyoya.

Mwanangu aliporudi kazini akaikuta imening'inia mlangoni. Akaizunguka. "Umemwoza binti kabla posa haijafika."

"Nimejaribu mkono tu."

"Mkono wako umeweka mpaka nembo?"

Siku ya mazungumzo tuliamka wote kama tulioitwa. Mimi nilifagia chumba cha mbele, nikaokota pini na vipande vya nyuzi. Cherehani ikasukumwa pembeni, ukutani tukatundika kitambaa kisafi kufunika makaratasi ya vipimo na kalenda ya zamani. Simu ikasimamishwa juu ya meza ya kukatia, imeegemea vibunda vya uzi. Mpango aliupanga mwanangu: asubuhi itapiga shule ya mama, mchana itapiga ya baba. Mchana nguo ingebadilishwa. Hilo waliliafiki baada ya kuvutana sana.

Basi mjukuu akavikwa kijani. Nasema kweli, alipendeza. Mama yake alipiga magoti kurekebisha pindo, pini zimejaa midomoni, na simu ikalia.

"Mapema," mwanangu akasema.

Mtoto akabonyeza. Akatokea mama wa makamo mwenye mvi fupi, anacheka kwa macho, na nyuma yake ukutani kuna ngao kubwa ya bluu. Mwanangu aliitazama ile ngao akaganda. Halafu akaninong'oneza sikioni, "Mama, hii ni yangu."

Masaa ya kule kwenye shule yake alikuwa ameyahesabu kinyume. Palipotakiwa kuongeza yeye alitoa. Mtu anayefunga nyaya za jengo zima bila kukosea.

Sasa ungetuona. Mkwe wangu pale chini hawezi kusema, ana pini mdomoni, anaonyesha kifua cha mtoto kwa kidole. Mwanangu akanyoosha mkono kufunika nembo, mkono peke yake ukaingia kwenye picha kama wa mwizi. Nikaona hapana, nikanyakua kipande cha kitambaa cheusi cha suruali nikamtupia mtoto mabegani. Sasa akawa kama mtu aliyenyeshewa.

Yule mama, ndiye mwalimu mkuu wao, akasogeza uso karibu. Akasema kitu kwa lugha yao, taratibu.

"Amesema nini?" nikauliza.

Mjukuu hakugeuka. "Anasema nguo nzuri sana. Ila siyo yao."

Mwanangu akashika kichwa. Mkwe wangu akazitoa pini, moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa blauzi yake.

Mwalimu akasema tena, safari hii bila kucheka.

"Anauliza," sauti ya mjukuu ikawa nyembamba, "kama nimeshachagua kwingine. Anasema nisione haya. Niseme tu, nafasi yangu apewe mwingine."

Nilimwona mtoto akimtazama baba yake, kisha mama yake pale chini, na nikasubiri lile neno lake la siku zote. Badala yake alikivua kile kitambaa cheusi, akakikunja vizuri, akakiweka mezani. Akaanza kuzungumza na simu.

Lugha ile siijui, mimi niliishia shule ya msingi ya enzi zetu. Lakini mikono naijua. Mikono yake ilipanda ikatanda, ikaonyesha kitu kipana kama kabati. Ikaonyesha masikio. Ikaonyesha pembe. Halafu ikashuka, vidole vikafumba na kufumbua, kushoto, kulia, kushoto, kulia, na uso wake ukawa unawaka kama mtu anayesimulia alikotoka jana. Yule mwalimu akacheka mpaka akaegemea kiti, akaitika kwa kichwa, akauliza, akajibiwa.

"Anasema nini huyu?" mwanangu akauliza. "Mwambie aulize maabara."

Mjukuu akageuka. Aliongea kwa lugha yetu, na hakuinamisha kichwa.

"Mama, sare hii nitaondoka nayo, nitaivaa siku za mapumziko. Baba, maabara zako nitaziona nikifika. Mimi nataka shule hii kwa sababu ina ng'ombe, na wanafunzi ndio wanaowakamua na kuwatibu. Nataka kuwa daktari wa ng'ombe. Nimeitaka tangu siku ile kitabu kilipoingia humu ndani."