Herufi Tisa za Parapanda

Siku kamati ya tawi ilipokuja karakanani kwangu kumwacha mume wangu, nilikuwa nabadilisha zipu ya suruali ya Mwenyekiti mwenyewe. Naanza na hilo ili ijulikane kwamba asubuhi ile sikuwa na ubaya na mtu. Zipu ilikatika kwa sababu ya tumbo lake, nami nilimwambia hivyo akacheka.

Kumwacha, nasema kwa maana ya mpira. Tawi letu la mashabiki lina kitambaa cha kijani, urefu mita kumi na mbili, kinachofungwa kwenye reli ya jukwaa la mashariki kila timu inapocheza nyumbani. Juu yake nimeshona majina ya utani ya wachezaji kwa herufi nyeupe, kila herufi kubwa kama sinia. Kila mwaka, wiki moja kabla ya ligi kuanza, kamati inakaa kwangu. Walioondoka nawafumua, walioingia nawashona. Kitambaa hakiongezwi kwa sababu reli ni hiyo hiyo na wenye uwanja hawaruhusu hata shubiri moja ya ziada. Herufi nazo hazipunguzwi, maana zikipunguzwa hazisomeki kwenye televisheni, na shabiki ambaye kitambaa chake hakisomeki kwenye televisheni ni bora akae nyumbani akunje nguo.

Katikati kabisa kuna jina ambalo si la mchezaji. PARAPANDA. Huyo ndiye mume wangu. Waliniomba wenyewe nilishone, miaka tisa iliyopita, baada ya mechi ambayo tulibaki uwanjani wachezaji tisa, mvua inanyesha, na yeye akasimama juu ya kiti akaliongoza jukwaa zima kwa dakika arobaini bila kupumzika. Alikuwa anapaza sauti, "Twende!" Watu elfu tano wanajibu, "Mpaka mwisho!" Tulirudisha mabao mawili. Kesho yake hakuweza hata kuniomba chumvi, sauti imekwisha.

Miaka mitatu iliyopita kiharusi kilimchukua upande wa kulia na maneno yote, kikamwachia moja. Twende. Kwa neno hilo anaomba maji, anakataa dawa, ananisalimia asubuhi na kunigombeza jioni. Nami kila akilisema nauliza, "Unataka nini?" Nimeuliza hivyo mpaka ulimi umeota sugu.

Lakini kila mechi ya kwanza ya msimu, kamera ikipita jukwaa la mashariki, ananyoosha mkono wa kushoto na kuweka kidole juu ya jina lake kwenye kioo cha televisheni. Kwa sekunde tatu au nne anakuwa mtu niliyeolewa naye. Pale kwenye kioo pana alama ya kidole. Nafuta vumbi sehemu zote, pale sifuti.

Sasa turudi kwenye kikao. Kamati ni watu wanne: Mwenyekiti, ambaye anauza vipuri vya magari, Mwalimu wa hesabu, Dereva wa lori, ambaye ni rafiki wa mume wangu tangu ujana, na mimi, mwenye sindano. Mume wangu alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, ametupa mgongo, anaangalia barabara.

"Wameondoka watatu, wameingia watano," alisema Mwalimu, daftari mkononi. "Mimi nasema huu ndio usajili bora wa miaka kumi."

"Bora wapi?" Dereva aliruka. "Tumemwacha beki wa kushoto aende bure! Bure, Mwalimu! Nani atakaba kule? Wewe na daftari lako?"

"Kaka, umri wake thelathini na nne."

"Na mimi hamsini na moja, lori naliendesha."

"Lori halipigi krosi," alisema Mwenyekiti, na hata mimi nilicheka.

Walibishana saa nzima. Dereva alitaka kiungo mkabaji, maana msimu uliopita, alisema, katikati yetu palikuwa wazi kama sokoni siku ya mapumziko. Mwalimu alisoma pasi za kiungo mpya, moja moja, mpaka Dereva akamwambia afunge daftari au yeye afunge mlango. Mwenyekiti hakubishana sana. Alikuwa na jambo lake analitafuna, nami namjua, akilitafuna jambo hushika sikio.

Tulikwenda vizuri. Wale watatu walioondoka nikawafumua. Mabeki wawili wapya nikawapatia nafasi za walioondoka, kipa mpya na kiungo nikawabana pembeni. Kitambaa kilitandazwa sakafuni kutoka mlangoni hadi kwenye meza ya pasi, nami natambaa juu yake na chaki.

"Bado mmoja," alisema Mwenyekiti. "Kimbunga."

Kimbunga ndiye aliyetunyima usingizi dirisha zima la usajili. Mshambuliaji, mabao kumi na tisa msimu uliopita. Leo amesaini, kesho hajasaini, keshokutwa ameonekana uwanja wa ndege kavaa kofia. Hatimaye klabu ilimtangaza, na Mwenyekiti alilia mbele ya wateja wake.

"Nafasi hakuna," nikasema.

"Ipo, shemeji." Alishika sikio. "Herufi nane. Pale katikati zinaingia."

Nikatazama katikati. Nikamtazama yeye.

"Rudia," nikasema.

Akashusha sauti. Watu hushusha sauti mbele ya mume wangu kana kwamba kiharusi kilimpiga masikio. "Shemeji, tusikasirikiane. Kaka yetu tunampenda. Lakini hajafika uwanjani misimu mitatu. Hata klabu, mchezaji akiumia muda mrefu, wanamwacha. Vijana wanaokuja jukwaani siku hizi wananiuliza Parapanda anacheza namba ngapi."

"Uliwajibu nini?"

Akashika tena sikio.

Roho ilinipanda. Nilisimama na chaki yangu. "Kuna mstari pale chini," nikasema, "umeandikwa CHINI YA MWENYEKITI, na jina lako linafuata. Niliushona mwaka jana kwa shinikizo lako. Toa huo."

"Ule ni wa ofisi, shemeji."

"Ofisi gani? Ile yenye matairi mlangoni?"

Dereva aliangua kicheko, kisha akakikata. Mwalimu akasema kwa upole kwamba tupige kura. Mwenyekiti na Mwalimu walinyoosha mikono kumtoa. Mimi na Dereva tulinyoosha kumbakiza. Wawili kwa wawili, na kwa utaratibu wetu wa siku zote, kura zikilingana Mwenyekiti ndiye anayeamua.

"Basi mtafute fundi mwingine," nikasema. "Mimi sifumui. Sifumui ng'o! Mkikichukua kitambaa hiki mtakitoa humu nikiwa nimelala juu yake."

Na nilikaa kweli, juu ya ile P, nikakunja miguu. Mwanamke wa miaka arobaini na nane. Sikuona aibu hata kidogo. Niliwaza mechi ya Jumamosi, kamera inapita, na kile kidole kinatafuta mahali pa kutua. Niliwaza nitamweleza vipi, nikaona sitaweza, na kwa hiyo haitatokea. Ilikuwa ni hesabu rahisi kuliko zote za Mwalimu.

Ndipo kiti cha dirishani kikalia.

Mume wangu alikuwa anasimama. Kusimama kwake ni kazi: mkono wa kushoto kwenye meza, goti, kisha mguu wa kulia anauvuta. Dereva alikimbia kumshika, yeye akamsukuma pembeni. Akaja polepole mpaka ukingoni mwa kitambaa, akipita kwenye meza yangu ya kukatia, na alipofika niliona ana kitu mkononi. Ulikuwa wembe wangu wa kufumulia.

"Weka hiyo chini," nikasema.

Alinitazama. "Twende," akasema.

"Unataka nini?"

"Twende." Alionyesha kwa wembe: wewe, pisha.

Sikupisha. Akashuka sakafuni mwenyewe, kwa kishindo, akajiburuza mpaka mwisho wa jina, kwenye ile A ya mwisho, akaanza kukata nyuzi zangu kwa mkono wa kushoto. Alikata uzi, akavuta, akakata. Mikono yangu ilishona herufi ile na mkono wake ulikuwa unaitoa. Mwenyekiti alikuwa ameshika masikio yote mawili.

Nilitaka kumnyang'anya. Lakini nilimwona uso. Hakuwa na huzuni ya mtu anayejitoa. Alikuwa na uso ule wa siku ya mvua, tukiwa wachezaji tisa. Klabu imepata mshambuliaji, mshambuliaji anatakiwa kuwa kwenye kitambaa, na yeye ni shabiki. Mimi nilikuwa nampigania mume. Yeye alikuwa anaipigania timu. Nililia, lakini nilichukua wembe mwingine nikaanza kutoka upande wa P, kwa sababu sikubali mtu mwingine aiguse kazi yangu peke yake, hata yeye.

Tulichukua karibu nusu saa. Tulikutana kwenye ile A iliyo katikati, baada ya R na kabla ya P ya pili. Nikaivuta herufi, nikakung'uta nyuzi, nikarudi nyuma nipime nafasi ya Kimbunga.

Nikasahau nilichotaka kupima.

Kitambaa kile kimekaa juani miaka tisa. Sote tulijua kimepauka, lakini kupauka kwa kitambaa huoni mpaka upate cha kulinganisha. Pale zilipokuwa herufi, jua halikupita. Chini yake kijani kilikuwa kile kile cha siku nilipokinunua, kizito, kibichi. PARAPANDA. Limesimama katikati, kingo zake zimenyooka, hakuna uzi wala herufi juu yake. Nimekuwa fundi kwa miaka ishirini na sita na sikuwa nimelifikiria. Hasira ilikuwa imenijaa kichwani.

"Kwa nini wengine hawaonekani?" aliuliza Mwalimu. Alipiga magoti pale nilipowafumua wale watatu walioondoka. "Hapa hakuna kitu."

"Hawakai," alisema Dereva. "Mwaka, miwili, wameuzwa. Jua litawaandika saa ngapi?"

Mwenyekiti alizunguka kitambaa chote. Alikiangalia kutoka mlangoni, akakiangalia kutoka kwenye meza ya pasi. Aliniuliza kama inawezekana kumshona Kimbunga juu yake.

"Inawezekana," nikasema. "Yatasomeka mawili kwa pamoja, na hakuna atakayesoma hata moja."

"Na kukipaka rangi kitambaa chote?"

"Kipake wewe."

Alikaa kwenye kiti cha mume wangu, dirishani, suruali yake yenye zipu mpya mapajani. Kisha akaniomba wembe.

"Wa nini?"

"Shemeji, usinichoshe. Nipe wembe."

Aliinama kwenye ukingo wa chini wa kitambaa, tumbo likimzuia, akaanza kuufumua mstari wake mwenyewe. Alikata kitambaa kidogo mahali pawili, maana hajui kazi, na nikamkaripia. Jina lake lilipotoka lote tulisogea kuangalia. Palikuwa patupu. Mwaka mmoja tu, jua halikuwa limemaliza hata kumjua.

"Ofisi imehama," alisema Dereva, na safari hii Mwenyekiti ndiye aliyecheka zaidi.

Kimbunga nilimshona pale. Kisha nikazikusanya zile herufi tisa nyeupe ili nizirudishe mahali pake. Mume wangu akaweka mkono juu yake. Nikazivuta, akazikandamiza. Nilimuuliza zikae wapi basi, akazisukuma hadi kwenye kapu la vitambaa chakavu, akatikisa kichwa kwa nguvu alizokuwa nazo. Nilikubali. Lakini usiku sikupata usingizi vizuri. Herufi nyeupe zinaonekana kutoka upande wa pili wa uwanja. Kijani juu ya kijani, kwenye televisheni yetu ndogo, kinaweza kuwa si kitu.

Jumamosi nilifungua karakana kwa sababu mteja mmoja, mwalimu wa kwaya, alitaka kupima gauni. Televisheni ilikuwa inaongea. Timu ziliingia. Mume wangu alikuwa amevuta kiti mpaka magoti yakagusa kioo, nami nikashika pini mdomoni na sikuona hata gauni.

Kamera ilianza jukwaa la magharibi, ikapita nyuma ya goli, ikaja mashariki. Kijani chetu kikaingia. Nikaona Kimbunga, nikaona kipa mpya, nikaona weupe mwingi pembeni na katikati pako wazi. Nilisogea. Mimi niliyelishona sikuliona.

Mkono wa kushoto ulinyooka. Haukutafuta. Kidole kilitua pale pale, juu ya alama yake ya zamani kwenye kioo, na hapo ndipo nami nikaliona, kijani kizito ndani ya kijani kilichochoka, herufi zote tisa, chini ya ncha ya kidole chake.

"Twende!" akasema.

Nilitema pini. Miaka mitatu nilikuwa namuuliza anataka nini.

"Mpaka mwisho!" nilipiga kelele, mpaka mwalimu wa kwaya akashika kifua, na mume wangu akageuka kunitazama, kisha akageukia tena mpira kwa sababu ulikuwa umeanza.